Simu ya Saa Sita

Watu wakiikumbuka Gongoni ya zamani hukumbuka jua na chumvi. Mimi naikumbuka simu. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ililia kila siku ya kazi saa sita za adhuhuri, nami nilikuwa naidaka kabla Ami Zein, mkubwa wangu ofisini, hajanyoosha mkono wake.

"Harusi, u hai?"

"Ni hai, mwanamke wewe. Jua latukaanga tu."

Huyo alikuwa Kabibi, karani mwenzangu wa makao makuu ya kampuni, Mombasa. Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Mwaka huo wa 1988 kampuni yetu ya chumvi ilikuwa na kompyuta mbili, moja kwake na moja kwangu, na kila adhuhuri ilikuwa kazi yetu kuzikutanisha. Lakini kwanza tulikutana sisi. Dakika tano, au kumi siku ambayo bosi wake hayupo: nani kaposwa, nani kaachwa, kanga gani zimeingia mtaa wa Biashara, na vipi mimi mtu wa Malindi naweza kupika samaki wa kupaka bila kutia ukwaju. Kisha husema, "Haya, tuwaachie wenyewe." Tunakata, anapiga tena, na mara hii mimi sipokei. Mashine ilipokea yenyewe, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mazungumzo yao yakaisha.

Ndani ya mashine yangu kulikuwa na programu iliyokaa chinichini. Haikuonekana kwenye kioo; ilingoja simu tu. Aliyeiweka ni Gharib, fundi wa Mombasa, na kwa njia hiyo aliweza kuingia katika kompyuta yangu na kuirekebisha akiwa kitini kwake, asiende kushinda kwenye foleni ya feri ya Kilifi. Tena nakala ya kumbukumbu zetu zote ilikwenda Mombasa kila siku, maana hewa ya Gongoni ilikula kila chenye chuma. Baiskeli mpya haikumaliza mwaka.

"Usiizime hata kwa dawa," Gharib alinionya. "Mashine yako ikifa siku hiyo, kila kitu kimekwenda nayo."

Ami Zein, karani mkuu, mtu wa Lamu mwenye kanzu isiyokuwa na hata mkunjo mmoja, hakuipenda. Alikuwa akisema, "Mlango wafunguka wenyewe, na wewe mwenye nyumba hujui nani kaingia." Nikimcheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimewapita wazee wote wa pwani kwa akili.

Basi palikuwa na kibarua mmoja, Masha, mtu wa Kakuyuni, mrefu, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi. Kila Ijumaa alikuja dirishani kwangu kuuliza siku zake zimefika ngapi. Kampuni ilikuwa na sheria yake: kibarua aliyetimiza siku mia mbili na arobaini kabla Novemba haijaisha aliandikwa kazi ya kudumu, na mke wa mtu wa kudumu alipelekwa hospitali kwa gari la kampuni. Mkewe Masha, Kadii, alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia njiani, moja akiwa amebebwa kwenye baiskeli. Masha hakunificha kwamba mbio zake zote zilikuwa za gari hilo.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja Novemba nilimwambia, "Mia mbili na kumi na tisa."

"Mia mbili na ishirini na sita, dada."

"Masha, mashine haisahau."

Akatoa mfukoni kamba ya ukindu iliyojaa mafundo, dogo kwa kila siku, kubwa kwa kila kumi. Hakujua kusoma, na mamake ndiye aliyemfunza kuhesabu hivyo. "Yahesabu mwenyewe," akasema, wala hakupandisha sauti. Nikayahesabu kwa kiburi, nikayarudia kwa aibu. Kisha nikaenda kwenye karatasi za nyapara, zile nilizozinakili kwenye mashine kila asubuhi. Karatasi zilikubaliana na kamba.

Zilibaki siku kumi na sita za kazi. Kwa hesabu ya kamba, Masha asipokosa hata moja, angefika. Kwa hesabu ya mashine asingefika. Na Mombasa walikuwa hawataki tena kusikia habari ya karatasi. Orodha ya watu wa kudumu ingetoka kwenye kompyuta.

Jumatatu asubuhi nikazitia zile siku saba zilizopotea. Mchana, baada ya simu, nikatazama tena: mia mbili na kumi na tisa. Jumanne nikazirudisha. Mchana zimetoweka. Si za Masha peke yake, za vibarua chungu nzima, ila wengine hawakuwa na kamba.

Damu ilinipanda kichwani. Nani anayeingia humu kila adhuhuri? Na si yeye Kabibi aliyeniambia, wiki ile ile, kwamba bosi wake analalamika watu wa kudumu wamekuwa wengi? Alinicheka na kunichekesha huku mkono wake mwingine ukifuta watu. Ndivyo nilivyoona, na nikiisha kuona jambo mimi, huwa nimeliona.

"Nauzima huu mlango," nikamwambia Ami Zein.

Nilidhani atashangilia. Akavua miwani. "Ukiuzima na mashine ikaharibika?"

"Basi zimepotea siku za wote."

"Na Masha mumo?"

"Na Masha mumo. Nikiuacha, zake zapotea kwa yakini."

Akaifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Muulize mwenzio kwanza. Simu ni hiyo."

"Mwizi huulizwa, Ami?"

"Hasira hasara, mwanangu."

Sikulala vizuri usiku ule, na Jumatano asubuhi niliketi mbele ya mashine. Niliziona siku za watu mia tatu zimelala ndani ya lile sanduku, na chumvi inaingia kila upepo ukivuma. Kisha nikayakumbuka mafundo. Nikaifungua orodha ya vitu vinavyoamka mashine ikiwashwa, nikaufuta mstari wa ile programu, nikazima, nikawasha. Haikuamka.

Saa sita simu ikalia. Ami Zein alinitazama. Sikupokea. Ililia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne mzee alinyoosha mkono, nikamtolea macho, akaurudisha. Nisiseme uongo, ilinikata. Adhuhuri ilikuwa ndefu bila sauti ile, na mara mbili mkono ulikwenda wenyewe nikaukalia. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kuhukumu.

Siku zilitulia mahali pake. Nilizirudisha zote kutoka karatasini, na hakuna iliyotoweka tena. Tarehe thelathini nikachapa orodha, nikainakili na kwenye disketi, nikavitia vyote ndani ya bahasha, ikaenda Mombasa na lori la chumvi. Masha, mia mbili na arobaini na mbili. Aliposikia alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili akalia, mwanamume mzima, na mimi nikalia naye. Kadii alijifungua Januari, mtoto wa kike, gari la kampuni likiwa limemfikisha kwa wakati. Hilo hakuna atakayenipokonya.

Wiki ya kwanza ya Desemba Gharib akaja asubuhi, amevimba kwa hasira. Jana yake alikuwa ameshinda kwenye feri, akalala njiani.

"Nilikwambia usiizime!"

"Ningoje mpaka mtuibie siku za watu wote?" Nikamwaga yote. Akakunja uso. "Hebu iwashe nione."

Nikawasha. Kama kila asubuhi mashine iliniuliza tarehe, nikaijibu. Ikaniuliza saa, nikaijibu.

"Ngoja. Umeandika nini hapo?"

"Saa. Si saa mbili hizi?"

Gharib alikaa chini. "Harusi, mashine hii ni ya Kizungu. Kwake saa hizi ni saa nane."

Akanieleza polepole, na kila neno lilinishusha. Mashine mbili zikikutana, kila moja hutazama kumbukumbu ipi imeandikwa karibuni. Ya nyuma hufutwa, ya mbele huwekwa pote. Tangu mwisho wa Oktoba bosi alimtaka Kabibi afungue kumbukumbu za vibarua asubuhi nyingi, saa tatu, na mashine yake, iliyowekwa saa za Kizungu, ikaandika tisa. Mimi nilimaliza kazi yangu saa nne, na yangu ikaandika nne. Kwa hesabu ya mashine, kazi yangu ilikuwa ya kale kuliko ya Kabibi. Ikaifuta.

"Hakuna aliyeiba kitu," akasema Gharib. "Ungemuuliza tu Kabibi ni siku gani huzifungua."

Ami Zein alikuwa akisikia yote. Akanisogezea simu. Sikungoja saa sita. Nikapiga Mombasa, maneno ya kuomba msamaha yamepangana mdomoni.

Sauti iliyopokea sikuijua. Akaniambia jina lake ni Easter, ndiyo kwanza ana siku tatu kazini.

"Kabibi yuko wapi?"

"Ah, Kabibi! Ameolewa. Wamesafiri Ijumaa, mumewe yuko Maskati." Kisha akauliza, "Wewe ndiwe Harusi wa Gongoni? Alikupigia kila siku akitaka kukualika. Alisema labda mashine yenu imekufa, labda wewe mgonjwa. Alikuwa ameshakuwekea leso ya sare ya arusi yake. Ulikuwa mgonjwa, dada?"

Nilimtazama Ami Zein, naye akatazama kando.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa mgonjwa."