Gari la Maiti la Shemeji

Shangwe alilivuta turubai kwa mikono miwili, akarudi nyuma kwa madaha kama mtu anayemfunua bibi harusi. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, shemeji! Jionee mwenyewe!"

Fundi alijionea. Yeye alikuwa seremala wa majeneza, na tangu kampuni ya mazishi ilipofungua milango yake pale mtaani, wafiwa walimpita kama hawamjui. Kule walipata jeneza na gari kwa pamoja. Kwake walipata jeneza tu. Asipopata gari, karakana ingefungwa, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ndiyo sababu mkewe, mshonaji wa bitana za majeneza hayo, alikuwa amepatana na Shangwe, mdogo wake: kiwanja walichokitunza kwa ajili ya nyumba ya uzeeni kiwe cha Shangwe, na gari la kale la maiti alilokuwa nalo Shangwe liwe lao. Lililobaki ni neno la Fundi, kwamba linafaa au halifai. Neno hilo lilitakiwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kesho yake karani wa posta angemzika baba yake, na Fundi, kwa kuchelea kumpoteza mteja, alikwisha kumwahidi gari.

Alilijua gari hilo tangu ujana wake. Enzi hizo lilikuwa jeusi, lenye vioo vilivyopinda ubavuni na mapambo ya chuma yaliyong'aa. Lilikwenda taratibu, na watu waliacha kuzungumza mpaka lipite. Kisha likazeeka, Shangwe akalinunua, akaligeuza gari la muziki wa sherehe. Sherehe zilipokwisha, akaliacha uani, majani yakaota mpaka kwenye vizingiti vya milango.

"Na rangi hii?" Fundi aliuliza.

"Zambarau, shemeji. Rangi ya kifalme."

"Mfalme gani aliyekutuma?"

"Wewe cheka tu. Hujaisikia honi. Inapiga wimbo wa bibi harusi."

"Wafiwa watafurahi sana."

Alilizunguka akiligonga kwa kifundo cha kidole. Mahali palipostahili kulia chuma, palijibu kwa sauti nzito kama ya ukuta. Chini ya rangi kulikuwa na rojo la kuzibia mashimo, limepakwa kwa unene wa lipu. Vile vioo vilivyopinda havikuwapo tena. Badala yake zilipigiliwa plaiwudi zilizochorwa nyota, nazo zilikuwa zimelowa, zikavimba, zikaachana matabaka kama kurasa za kitabu kilichotumbukia majini. Mlango wa nyuma ulining'inia kwa bawaba za kabati. Injini ilitoka katika gari la kusambazia mikate, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake, boneti haikufunga. Ilishikwa kwa mpira wa baiskeli.

"Nani aliyekufanyia kazi hii?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu!" Shangwe alisema kwa fahari.

"Nilidhani hivyo."

Magari ya namna ile yalijengwa kwa fremu ya mbao chini ya bati, na mbao hazikumficha Fundi jambo. Alitoa patasi, akaisukuma katika nguzo ya mlango. Ilizama bila nyundo, kama kisu katika kiazi kilichochemshwa.

"Limeoza," alisema.

"Kidogo tu, shemeji. Nani asiyeoza?"

"Patasi imeingia mpaka mpini."

Aliingia nyuma kwa magoti. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na sanduku la chuma, kutoka sakafuni hadi paani, lililochomelewa ili kuwekea spika na jenereta. Fundi alitazama juu, akatazama pembeni, akaelewa. Nguzo zote zilikuwa zimeoza, na paa zima lilikuwa limeegemea sanduku lile.

"Ukiling'oa hili, gari linalala chini."

"Basi usiling'oe! Kwani linakudai chakula?"

Kila alichokijua Fundi kilimwambia aondoke. Lakini aliikumbuka karakana yake ilivyokuwa wiki ile, randa imelala juu ya meza, mkewe akifagia sakafu isiyokuwa na maranda. Akauchukua ufito aliompimia baba yake karani, akaulaza kutoka kwenye sanduku hadi mlangoni. Ulitosha. Palibaki nafasi ya upana wa kidole, na nafasi hiyo ndogo ikamfurahisha kupita kiasi.

"Linafaa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Shangwe akamkumbatia. Majirani wakalisukuma gari mpaka likawaka. Njia nzima, kila Fundi alipokata kona ya kushoto, honi ilijipigia yenyewe wimbo wa bibi harusi, na wapita njia wakapiga vigelegele.

Mkewe alitoka karakanani na sindano ikiwa imechomekwa begani. Alilitazama gari kwa muda mrefu.

"Huyu ndugu yangu," alisema, asimalize. Kisha akauliza, "Umelipima ndani?"

"Nimelipima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ufito wa marehemu. Umeingia vizuri."

"Na shibiri?"

Fundi akautazama ufito. Tangu walipooana, kazi yao iligawanyika hivyo: yeye alikwenda kumpima maiti, akatia alama katika ufito, akamkabidhi mkewe; naye mkewe, alipochora mbao, aliongeza shibiri moja ya mkono, ili kichwa na miguu visibanwe. Nyongeza hiyo haikupata kuwa kazi ya Fundi. Aliisahau kama mtu anavyosahau kazi ya mkono wa mwenzake.

Walilibeba jeneza la baba yake karani, wakalisukuma ndani. Lilikwenda, likagota katika sanduku la chuma, na upande wa miguu ukabaki nje. Fundi aliusukuma mlango kwa bega, akausukuma tena, kana kwamba jeneza lingejikunja kwa kumwonea haya.

"Likatwe hilo sanduku," mkewe alisema.

"Likikatwa, paa linaanguka."

"Basi rudisha gari."

"Tumekwisha kupeana mikono."

Mkewe alicheka bila furaha. "Nami namjua ndugu yangu. Saa hizi kiwanja kina mwenyewe mwingine."

Walikuwa wangali wamesimama pale karani alipofika, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, kuja kuliona gari litakalombeba baba yake. Alizitazama nyota. Aliutazama mlango ulio wazi.

"Fundi, ndilo hili?"

"Tutaufunga mlango kwa kamba, bwana. Tutaweka na kitambaa cheusi juu, hakuna atakayeona."

"Baba yangu si gunia la mkaa."

Aliyasema hayo bila hasira, na hilo likauma zaidi.

"Na jeneza?" mkewe Fundi aliuliza. "Bitana nimeimaliza sasa hivi, baba. Nimeishona kwa mkono."

"Kampuni inatoa vyote pamoja, mama. Nisameheni." Akawapa mkono mmoja baada ya mwingine. "Poleni," aliwaambia, yeye aliyefiwa, akaenda zake.

Walilitoa jeneza garini, wakalirudisha ndani. Mkewe akarudi nje peke yake, akainama katika gari, akaipima sakafu kwa shibiri zake, polepole, mpaka mwisho. Alipoinuka uso wake haukuwa na kitu.

"Watoto wataingia," alisema.

Fundi alimwelewa, akatamani asingalimwelewa.

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Kule kampuni wanambeba mtoto kwa malipo yale yale ya mtu mzima. Watu wanalalamika. Sisi tutakuwa nafuu."

"Jeneza la mtoto halitengenezwi kabla ya kuagizwa. Hata aliyenifundisha kazi hakuthubutu."

"Aliyekufundisha alikuwa na wateja." Akafuta mikono katika kanga. "Atakayekuja kwetu lazima alikute tayari, Fundi, la sivyo ataendelea na safari yake. Nisiseme, tule nini?"

Fundi akageuka. Aliingia, akachagua ubao mwembamba, akaulaza mezani karibu na dirisha. Mkewe akachukua penseli.

"Urefu gani?"

Fundi aligeukia dirisha. Nje, watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kulizunguka gari la zambarau. Wengine walipanda juu ya magurudumu, mmoja alikuwa akizihesabu nyota kwa sauti. Aliwatazama kupitia dirishani, mmoja baada ya mwingine, kutoka utosini hadi nyayoni. Alipotambua jicho lake lilikuwa likifanya nini, aliinamisha uso, na mkewe akaendelea kungoja, penseli ikiwa juu ya ubao.