Rundo la Lifti

Binamu yangu Simiyu, msomi wa kompyuta na mtawala wa sofa yetu hapa ughaibuni, mjini Adelphi, alilitengenezea kanisa letu programu ya kuomba lifti. Dereva akifungua simu yake anaona ombi moja tu. Akilichukua, linajitokeza jingine.

"Maombi umeyapanga kwa foleni?" nilimuuliza.

"Rundo, bwana. Stack. Linaloingia mwisho linatoka kwanza. Mtu akikosea, nafuta la juu, basi. Kazi nyepesi."

Mimi nimesoma shule ya bweni. Kule magodoro yalirundikwa stoo hivyo hivyo: la juu lilitumika kila muhula, la chini likaoza na heshima zake zote. Nilimweleza hayo kwa unyenyekevu mkubwa. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Jumamosi, watu wakiwa bado wamelala, Mama Kibet aliomba apelekwe kusafishwa damu, maana figo zake zilikwisha kufa. Mwanawe Kibet alikuwa kazini mbali, Arlington. Kisha watu wakaamka. Mmoja alitaka kwenda kusukwa, mwingine dukani, mwingine uwanja wa ndege. Kila ombi jipya lilimkalia Mama Kibet kichwani. Wenye kelele, wakicheleweshwa kidogo, waliomba upya na kupanda juu tena.

Jioni Mwaura, dereva wetu, alipiga simu.

"Simiyu, boss, watu wa nywele nimewamaliza. Sasa huyu mama wa figo, ni wa kesho ama?"

Simiyu alikata simu. Alikuwa tayari anatafuta viatu.

Mwaura alitupitia, tukamkuta Mama Kibet nyumbani kwake ameketi karibu na mlango, koti limefungwa hadi shingoni, mkoba mapajani. Miguu ilikuwa imevimba, na alipumua kama mtu anayezama. Mwaura aliita ambulensi.

"Mama, mbona hukuomba tena?" Simiyu aliuliza.

"Si nilishaomba, mwanangu? Kuomba mara mbili ni kudai. Nilijua zamu yangu inakuja."

Hospitalini daktari alitoka akivua glavu, akatupa pole. Kibet alikuwa amefika, bado na sare ya kazi. Simiyu alianza kumweleza habari za rundo, jinsi lilivyo jepesi, jinsi la chini lisivyofikiwa mpaka yote ya juu yaondoke. Kibet alimnyamazisha kwa mkono.

"Niambie kitu kimoja tu. Mama alikuwa wa ngapi kuomba?"

Simiyu alitazama sakafu.

"Wa kwanza."