Namba Kubwa ya Mjomba

Kila ukoo una mtaalamu wake, na wala si lazima awe amesomea. Huyu alipata cheo siku alipoipiga kofi redio ya shangazi yake ikaimba. Tangu hapo akaitwa Mtaalamu, na hainunuliwi feni wala pasi kabla yeye hajaikagua. Cheo cha bure ni kitamu, kukirudisha ndiyo kazi.

Basi mpwa wake alipopata nafasi ya kusomea uchoraji wa majengo, dada yake hakuhangaika kuuliza kwingine. "Kaka, mchagulie mtoto laptopu. Wewe ndiye unayejua."

Dukani akakuta mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imeandikwa kasi ya gigahezi mbili nukta nne, nyingine tatu nukta sita. Muuzaji, msichana mpole, akajaribu kumweleza kwamba prosesa, yaani ubongo, ya hiyo yenye namba kubwa ni ya kizazi cha zamani, ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, na ikipewa kazi nzito inapata moto mpaka inajipunguza mwendo yenyewe. Mtaalamu akamkata kauli. "Binti, kati ya tatu na mbili, kubwa ipi? Hesabu nilifaulu mimi." Akabeba ya tatu nukta sita, kifua mbele.

Sasa dada amempigia simu. Mtoto anataka kuacha chuo, hasikii la mama wala la jirani, labda atamsikia mjomba wake.

Akamkuta chumbani, laptopu imeinuliwa juu ya mabakuli mawili yaliyopinduliwa, feni ya mezani inaipepea kama mgonjwa. Mchoro wa nyumba ulikuwa unajitokeza kwenye kioo kipande kwa kipande, kwa kinyongo.

"Mjomba, mashine ni nzuri. Mbovu ni mimi," akasema binti. "Mwenzangu ninayekaa naye darasani ana ya mbili nukta nne, na michoro yake inatoka huku yeye anapiga soga. Yangu haitoki. Mwalimu anasema huenda naichora vibaya ndiyo maana inailemea mashine. Nimeirudia, nimeirudia tena, basi. Si ulinifundisha mwenyewe kwamba namba kubwa ndiyo kasi? Kama mashine yangu ina mbio kuliko yake na bado nachelewa, mzito nani?"

Hesabu ile ilikuwa ya Mtaalamu, neno kwa neno, na mtoto wa watu alikuwa amejihukumu nayo.

Na ubaya zaidi, alikuwa anajua. Mwezi uliopita alijisifia laptopu hiyo mbele ya fundi wa kompyuta pale bohari anapofanya kazi. Fundi akacheka. "Mzee, hiyo namba inakwambia kisu kinapanda na kushuka mara ngapi. Haikwambii ni kikali au butu, wala jikoni wako wapishi wangapi. Mashine za vizazi tofauti hazilinganishwi kwa namba hiyo. Zipe kazi moja, uone ipi inamaliza kwanza." Mtaalamu akacheka pia, akarudi kwake na neno hilo limemkaa kooni. Alikusudia kusema Jumapili, siku anayokula kwa dada yake. Jumapili ikafika, akasema atasema ijayo. Aibu ilimtia woga, hakuna jina jingine.

Akapiga moyo konde. "Mwanangu, si wewe. Ni mashine. Ilikuwa mbovu kwa kazi yako tangu dukani, na msichana wa watu alinionya. Mimi ndiye niliyejifanya najua."

Binti alimtazama, halafu akaruka juu. "Si mimi!" Alicheka huku machozi yanamtoka, akajishika kichwa. "Jamani, si mimi! Basi siachi! Naenda kumwambia mwalimu!" Tayari alikuwa anatafuta viatu chini ya kitanda. Furaha ile ilimchoma mjomba kuliko tusi, maana sentensi moja tu ilitosha kuileta, na alikuwa nayo mfukoni siku zote hizo.

"Umejua leo?" binti akauliza, kiatu kimoja mkononi.

Angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia?

"Hapana," akasema. "Mwezi sasa."

Kicheko kikakatika. "Ile Jumapili nilipolia mezani, ukaniambia niongeze bidii. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Binti alivaa kiatu cha pili, akafunga kamba polepole, akachukua mkoba, akapita mlangoni. Hapo ndipo Mtaalamu alipomwona dada yake, amesimama ukutani na mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amesikia yote.

"Siku ile mwanangu alikuwa analia mbele yako," dada akasema taratibu, "na wewe ukasogeza sahani, ukaniomba nikuongezee mboga."