Safu ya Jumapili

Nilimkuta Nyiramana ameketi kwenye ngazi ya chumba cha plasta, mwanawe Gaju mapajani, mguu mweupe wa plasta umeanza kumeguka kama ukuta ulionyeshewa. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa njiani kwenda ibadani, na ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwangu.

Mguu ule ulizaliwa umepindia ndani. Miguu ya namna hiyo hunyooshwa polepole kwa plasta mpya kila wiki, na kituoni petu mikono iliyoijua kazi hiyo ilikuwa ya Ancilla peke yake. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya afya, nilimwandikia barua ya sifa, maana nililelewa kuamini kwamba bidii hutuzwa. Wakubwa wake wakaisoma, wakamfanya msimamizi wa tiba ya viungo wa kanda nzima. Wakampa meza Mbarara, mikutano na taarifa za kuandika. Mahali pake hapa kituoni hawakuleta mtu. Mara mbili nilipanda basi dogo pale Rwekubo kwenda kuwauliza. Mara mbili nikajibiwa kwa adabu kwamba nafasi inashughulikiwa. Huu ni mwaka wa pili, nayo ingali inashughulikiwa.

Plasta ambayo Ancilla alimfunga Gaju alipopita kikazi ikatimiza wiki tatu. Mtoto hukua, plasta haikui. Vidole vikaanza kuvimba. Ancilla akanipigia kwamba siku yake pekee ya mapumziko ni Jumapili, nimfungulie. Nilimkatalia. Kwa miaka arobaini nimewafundisha watu kanisani kuwa siku hiyo haina kazi.

Ancilla alikuwa amemwambia Nyiramana angoje hata hivyo.

“Muzee Ezira,” mama huyo aliniambia bila kuinuka, “ngombe zenu zimekunywa maji leo, ama zinangojea Jumatatu?”

Matope ya ziwani, nilikowanywesha alfajiri, yalikuwa bado kwenye kisigino cha kiatu changu.

Ancilla alifika kwa miguu kutoka kwao Misiera, vumbi hadi magotini. Nikafungua mlango. Aliivua plasta ya zamani, akaloweka bendeji za plasta mpya, na maji ya ndoo yakageuka meupe.

“Barua yako ilikuwa nzuri, Mzee,” alisema, hakunitazama. “Sasa nishikie goti hili, lisicheze.”

Nililishika. Kule kanisani walianza wimbo wa pili bila mimi.

Kazi ilipokwisha nilifungua daftari la kituo, ambalo nililipiga mistari kwa mkono wangu mwenyewe, safu sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Nikatafuta rula.