Mchoro Aliouchagua Dokta Gosbert

Dokta Gosbert ni bosi wangu na ni Mhaya mwenzangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Jamani, mtu kasoma mpaka nywele zimemwisha, halafu anafanya jambo la aibu namna ile!

Kazi tuliyopewa ilikuwa moja. Kamati ya wavuvi hapa Mwanza ilitaka kujua kama ghuba ya upande wa Kamanga, wanakozaliana sangara, ifunguliwe kwa uvuvi. Hesabu nilifanya mimi, Renatha. Sangara anakula dagaa. Sangara wakizidi, dagaa wanapungua; dagaa wakipungua, sangara wanakufa njaa; sangara wakifa, dagaa wanajaa tena. Ukichora, unapata mistari miwili inayopanda na kushuka bila kukoma, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika.

Sasa ziwa gani lina adabu hiyo? Kuna mwaka maji yanachafuka, kuna mwaka makinda yanakufa kabla hayajakua, na hakuna anayejua ni mwaka upi. Kwa hiyo nikaingiza bahati: kila mwaka kompyuta inarusha dadu. Mwaka mbaya ukiwakuta sangara wengi, wanapona. Ukiwakuta wameshapungua, ndio basi, hawarudi. Hesabu ya hivyo unairudia mara nyingi sana, kila mara kwa namba nyingine ya kuanzia, inayobadilisha jinsi dadu linavyoanguka, halafu unaangalia wameisha mara ngapi. Ghuba ikifunguliwa, waliisha karibu mara moja katika kila tatu.

Asubuhi ya kikao nikafungua ripoti. Mchoro mmoja tu! Sangara wanapanda, wanashuka, wanapanda. Chini yake, jina langu.

"Shikamoo, Dokta. Michoro mingine iko wapi?"

"Marahaba. Nilijaribu namba nyingi, Renatha. Hii ndiyo iliyotoka vizuri. Tusiwachanganye watu."

Iliyotoka vizuri! Mtu anarusha dadu mpaka apate sita, halafu anatangaza kwamba dadu lake lina sita tupu! "Na umeweka jina langu?"

"Punguza ukali, binti," akasema, akaingia kikaoni.

Alieleza vizuri, sitamnyima hilo. Mama Modesta, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Mzee Taherali, mwenye kiwanda cha minofu, alikuwa anataka ghuba ifunguliwe tangu jana. Nikasimama bila kuitwa.

"Mama mwenyekiti, nitajie namba yoyote."

Akataja mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Nikaiingiza kwenye kompyuta iliyokuwa inamulika mchoro ukutani. Pale sangara wakapanda, wakashuka, wakapanda. Dokta akapiga makofi.

"Si nilisema?"

Bahati haijali nani anasema kweli.

"Mzee Taherali, na wewe nitajie."

Akataja namba ya kiwanja cha marehemu baba yake. Mstari wa sangara ukapanda, ukashuka, ukagusa chini. Tukasubiri uinuke. Haukuinuka.

"Hapana, hapana, mwanangu," mzee akasema haraka. "Hiyo namba mbaya. Ngoja nitaje nyingine."

"Ndivyo alivyofanya Dokta!" Nilipaza sauti, wala sikuomba radhi. "Taja, mzee wangu, taja mpaka jioni. Kwenye kompyuta nitarudia. Ziwani nitarudia vipi?"

Mzee Taherali alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akautazama ule mstari uliolala ukutani.

Mama Modesta akamgeukia bosi wangu. "Dokta, kabla hujapata hiyo nzuri, ni ngapi zilitoka vibaya?"

Dokta Gosbert akashika tai yake. "Hizo sikuzihesabu, mama."

"Basi nenda kahesabu," akasema Mama Modesta. "Ghuba itakusubiri imefungwa."