Zimwi Asiye na Uzito

Mchezaji wa kumi na moja alipouawa na Mchukuzi kwa mara ya sita, aliweka kidhibiti cha mchezo mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha, akasema, "Ningegongwa na lori ningeelewa zaidi."

Nyuma ya kioo kilichowatenga watazamaji na chumba cha majaribio, mchoraji aliyemzaa Mchukuzi kwa kalamu yake aliuma mdomo wa chini. Miezi saba alikuwa amelala na kuamka na zimwi huyo, na sasa watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamemtukana mwanawe mbele yake.

Kampuni yao haikuwa kubwa. Watu kumi na tisa walijibana juu ya duka la miwani, wakiunda mchezo mmoja wa kompyuta, wa safari ndefu: mchezaji huvaa nafsi ya msafiri, akavuka nchi na nchi, akapambana na mazimwi, na kila pambano likamwongezea nguvu na maarifa. Mazimwi walikuwa sitini, na arobaini kati yao ni wa mkono wa mchoraji huyu. Lakini Mchukuzi alikuwa wa pekee. Alikaa kwenye lango la tatu, jitu lililopinda mgongo, limebeba nyumba nzima yenye mlango, madirisha na paa la vigae. Hakuwa na meno, pembe wala kucha. Kabla ya kila pigo, goti lake la kushoto lilitokeza kidogo, na aliyeliona goti hilo akaruka pembeni alisalimika. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya mchoraji: adui aliyeumbwa vizuri humfundisha anayepigana naye, na mwili wake husema kabla mkono haujatenda. Wahenga walikwisha sema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yeye alitaka kuumba zimwi wa kujuana naye.

"Hawaliangalii goti," alisema kwa uchungu.

"Watu huangalia uso," alijibu Mkuu wa Kazi, mtu mpole wa sauti na mgumu wa shingo. "Mpe meno."

"Meno ya nini? Huyu hali watu."

"Basi mtie taa nyekundu kichwani, iwake kila anapotaka kupiga."

"Taa! Ni zimwi au gari linalokata kona?"

Fundi Mwendo, ambaye kazi yake ilikuwa kuzifanya picha zitembee, alicheka, kisha alipotazamwa na Mkuu akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Wahenga wako nawaheshimu," Mkuu aliendelea, "lakini hawakupata kuuza michezo. Nakupa mpaka Jumatatu, saa nne asubuhi. Asipoeleweka, lango la tatu nampa Bwana Harusi."

Bwana Harusi! Hilo lilikuwa jina la utani la zimwi mwingine, wa mapambo mengi, aliyekuwa akingoja ndani ya kompyuta tangu mwaka uliopita: pembe kumi na mbili, moto tumboni, minyororo shingoni, na mbawa zisizomrusha popote. Kila aliyemwona mara ya kwanza alishangaa, na mara ya pili alipiga miayo. Mchoraji aliona afadhali lango libaki tupu.

Jumamosi alishinda sebuleni kwake akilikuza goti. Alilifanya kubwa, akalipunguza mwendo, akaliongezea kivuli. Kufikia saa nane mchana, goti la Mchukuzi lilikuwa likitokeza kama mkono wa ombaomba, na zimwi mwenyewe amekuwa kichekesho. Mchoraji alifuta, akarudia, akafuta tena. Machozi ya hasira yalimlenga, akayakataza kutoka.

Ndipo mjomba wake alipobisha hodi. Mdogo wa mama yake huyo alikuwa mhamishaji wa samani kwa miaka ishirini na miwili, na siku hiyo alikuja kuliteremsha friji bovu kutoka ghorofa ya nne. Aliingia na mikanda yake begani, akasimama nyuma ya kiti cha mpwa wake, akatazama kioo cha kompyuta.

"Nani huyu aliyevaa nyumba?"

"Ameibeba, Mjomba."

"Ameivaa. Kama mimi nilivyovaa kofia hii."

Mchoraji aligeuka kwa ghadhabu. Kumi na mmoja walikuwa hawatoshi? "Mjomba, michezo hii huijui hata kidogo."

"Siijui, mpwa wangu. Ila mgongo naujua."

"Basi nionyeshe!"

Alilisema kama mtu anayefukuza nzi, lakini mjomba hakuwa mtu wa kubishiwa kuhusu kazi yake. Alilifunga friji kwa mikanda, akachuchumaa, akalipokea mgongoni, akanyanyuka. Uso wake, uliokuwa wa mzaha, ukawa mwingine kabisa.

"Tazama," alisema kwa pumzi fupi. "Nataka kwenda kushoto. Usiangalie mguu. Angalia friji."

Kichwa cha friji kiliinama upande wa kulia, kidogo tu. Shingo ya mjomba ikaenda kushoto kulipinga. Pumzi ikasimama. Vidole vya miguu vikaikamata sakafu. Baada ya hayo yote ndipo mguu uliponyanyuka.

"Mzigo ndio hutangulia. Mimi naufuata, kama mtu na mkwewe. Sasa tuseme nataka kukupiga teke."

"Huwezi, na hilo friji."

"Kwa nini nisiweze? Lakini lazima kwanza nilitupe friji upande wa pili, nipate mguu mwepesi. Ukiliona friji limeegemea huku, teke linatoka kule; wewe kimbilia huku. Na sasa nifungulie mlango. Mgongo si kabati!"

Mchoraji alimfungulia, akabaki ameshika kitasa huku vishindo vya mjomba vikishuka ngazini. Kisha alirudi kwenye kompyuta, akamtembeza Mchukuzi hatua tano. Nyumba haikutikisika. Hakuna kigae kilichoteleza, wala mlango uliogongana na fremu yake. Ilikuwa imeshonwa kwenye uti wa mgongo kama kifungo kwenye shati. Wachezaji wale kumi na mmoja walikuwa na macho mazima: walilitazama jambo kubwa kuliko yote mbele yao, nalo halikuwaambia neno. Neno mchoraji alikuwa amelificha gotini. Yeye na Fundi Mwendo walipigana na zimwi huyo kila siku, wakamkariri, na kwa kumkariri wakadhani anasomeka.

Hasira aliyokuwa akiwagawia watu ilimrudia yote kwa pamoja, na ilikuwa chungu zaidi.

Mjomba alipopanda tena kuchukua mikanda iliyosalia, alimkuta bado ameduwaa.

"Miezi saba hukuniuliza," alisema, akijifuta jasho.

"Ningekuuliza nini? 'Shikamoo Mjomba, zimwi hutembeaje?'"

"Ungeniuliza friji hubebwaje."

Jumapili walikuwa wawili tu kazini. Fundi Mwendo alisikiliza maelezo mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Dada, umeniletea msiba. Unataka niikate nyumba vipande tisa, kila kimoja kiwe na uzito wake, kwa siku moja?"

"Nilikosea mimi. Nisaidie kwanza, utanilaumu baadaye."

"Nitakulaumu huku nakusaidia. Muda ni mchache."

Na alifanya hivyo hasa. Walikatana maneno juu ya vigae, wakanuniana juu ya shingo. Kuna wakati nyumba ilidondoka yote, naye Mchukuzi akaendelea mbele bila mzigo, mwepesi kama mtoto aliyetoka shule. Walicheka hadi wakakumbuka saa, kicheko kikawakauka midomoni. Jioni, mlango wa nyumba ulijifungua upande uleule nyumba ilikoinamia, vigae vikateleza, shingo ikapinga, kisha ndipo likaja pigo.

Jumatatu saa nne, kwenye kiti cha majaribio aliketi muuguzi mmoja aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Alikufa mara ya kwanza. Alikufa mara ya pili. Nyuma ya kioo, Mkuu alitazama saa yake. Mchoraji alitazama sakafu. Mara ya tatu, mlango wa nyumba ulifunguka kulia, na kidole gumba cha muuguzi kikasogea kabla mwenyewe hajaamua. Msafiri akaviringika kulia vilevile. Pigo likaangukia vumbi.

"Ahaa!" muuguzi alimwambia zimwi. "Nimekuona, mzee!"

Mara ya tano alimshinda. Hakushangilia. Alilikazia macho jitu lililolala chini ya nyumba yake, akasema, "Maskini. Alikuwa amechoka tangu mwanzo."

Mchoraji aliegemea ukuta. Mkuu aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Nimekubali. Bwana Harusi na aendelee kungoja, na habari ya taa nimeifuta. Kazi nzuri mno." Akasugua viganja. "Basi mumpake rangi. Mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, mmoja wa dhahabu. Tupate maadui wengine watatu kabla ya mwisho wa mwezi. Si mwili ni uleule?"

Fundi Mwendo alijifunika uso kwa mikono miwili. Damu ilimpanda mchoraji hadi masikioni. Maneno makali yalimjia, yamepangana tayari. Akayameza, akavuta kiti, akafungua ukurasa mweupe.

"Wa kijani amebeba nini?"

"Nyumba ileile."

"Basi ni yuleyule, amebadilisha shati. Sipaki mtu rangi kabla sijajua amebeba nini. Kaa, Mkuu. Hatutoki humu mpaka uniambie."

Mkuu aliutazama mlango, akautazama uso wa mchoraji, akaketi kwa kuguna.

"Labda..." alisema kwa mashaka. "Labda tangi la maji?"

"Limejaa, au ni nusu, maji yakicheza ndani?"

"Likiwa nusu," alisema Fundi Mwendo, bila kuiondoa mikono usoni, "mimi naacha kazi leo."