Migongo ya Ukuta wa Zahanati

Uvumi niliuokota kwenye foleni ya maji, nikarudi nao nyumbani pamoja na ndoo: eti wanaochora migongo ya watu ukutani wanakamatwa, na wanatambuliwa kwa rangi iliyobaki kwenye kucha. Nikajiambia ni maneno ya watu tu. Lakini nikimenya viazi, jicho liko kwenye vidole vya binti yangu. Nikifagia, jicho liko hukohuko.

Mimi niliishia shule ya msingi, mambo ya sanaa siyajui kwa kitabu. Nimeyaona kwa kuishi nayo. Marehemu mume wangu alichora picha za wakubwa za kutundika maofisini. Suti alizichora mapema, kumi kwa mpigo, kichwa anaacha wazi. Mkubwa akibadilika, anaongeza kichwa.

"Mke wangu," alikuwa akisema, "suti haina chama."

Tulikula kwa suti hizo.

Binti yetu na wenzake vichwa hawavitaki. Wanachora watu wa kawaida kwa nyuma, wamepanga foleni, kwenye ukuta wa zahanati isiyo na dawa. Hakuna sura, hakuna maandishi. Wakubwa wakakasirika, wakasema wananchi wanafundishwa kuwapa kisogo.

"Mwanangu, si uchore maua?"

"Maua nayo yapange foleni ya dawa, mama?"

"Usinichezee. Lete mikono."

Nikamsugua kucha kwa mafuta ya taa.

"Utanitoa ngozi!"

"Ngozi itaota. Wewe nikikupoteza nitakuotesha wapi?"

Kesho yake asubuhi, alipotoka tu, nikachukua ndoo ya chokaa na brashi ya baba yake, nikaenda kufuta. Niliona nikifuta picha, nimefuta na kesi. Nikaanzia mwisho wa foleni, kwa mzee mwenye mkongojo. Nikampaka mara mbili, akapotea. Nilipomfikia wa pili, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara akaangua kicheko.

"Shoga, umegombana na nafsi yako? Si wewe huyo!"

"Mimi nani?"

"Nani mwingine hapa mtaani ana kiraka cha uzi mwekundu?"

Nikasogea. Blauzi ya kijani, kiraka begani. Uzi wa kijani uliniishia, nikamalizia na mwekundu nikisema nani atauona. Binti yangu alikuwa ameuchora mshono kwa mshono, hata ule uliopinda. Bega la kushoto limeshuka kidogo, sikuwa nikijua. Miaka yote nimesimama foleni, mgongo wangu sijawahi kuuona. Na mume wangu, Mungu amrehemu, alichora wakubwa miaka ishirini, mimi hakunichora hata siku moja.

Brashi ikabaki hewani, chokaa ikinichuruzika mpaka kiwikoni. Nikageuka na ndoo yangu, nikarudi nyumbani.

Binti alinikuta nimekaa kwenye kigoda. Akanitazama vidole.

"Mama, una chokaa kwenye kucha."

Akaleta mafuta ya taa, akaushika mkono wangu, akaanza kusugua polepole, kama anaosha kikombe chenye ufa.

"Umefuta wangapi?"

"Mmoja. Mzee wa mkongojo."

"Basi kesho nitamrudisha."

Nilitaka kusema usiende.

"Nisikilize kwanza," nikasema.

Niliyomwambia ni haya. Wazazi wenzangu wenye watoto wa brashi, wasomeeni na wenu:

Usichore peke yako.

Usipite barabarani na nguo ya kuchorea. Beba nyingine.

Usiandike jina lako ukutani, hata herufi moja.

Usimtajie mtu wenzako, hata akiwa rafiki.

Usichore kiraka ambacho mtaa mzima unakijua. Changu kiache, kimeshakauka.

Usirudi na kucha chafu. Mafuta ya taa yako nyuma ya mlango.

Usichelewe.